Nani Kasema Lenzi Imekufa?

Hapa Nakivale, ukipita kwenye vibanda vya picha kuanzia Base Camp mpaka New Congo, swali ni lile lile: eti lenzi za zamani zinaachwa kutengenezwa, au zinabadilishwa tu? Anayeuliza kwa kawaida ana Canon ya kioo mkononi, 600D au 700D au 1300D, aliyoinunua Kampala ikiwa imeshatumika au aliyoachiwa na ndugu aliyepata safari ya Marekani. Mbele yake kuna lenzi fupi nyeusi ya milimita 50, plastiki tupu, maandishi yameanza kufutika. Mtu amemwambia kwamba wakati wa mashine hiyo umepita. Auze sasa hivi kabla bei haijaanguka, achukue zamu yake ya likelemba, akope kidogo juu yake, anunue kamera isiyo na kioo pamoja na lenzi zake mpya.

Pesa ya likelemba ni jasho la watu kumi na wawili. Ndiyo maana naona swali hili linastahili nafasi humu, ingawa tumezoea kujadili mashairi na hadithi. Mimi si fundi wa kamera. Kazi yangu ni kutazama picha na kusema kilichomo, na sehemu kubwa ya picha zitakazobaki za miaka yetu ya hapa zimepita ndani ya lenzi hiyo hiyo ya plastiki. Kama kweli inaondoka, nataka kujua inaondoka na nini.

Tuanze na neno. Kampuni hazipendi kusema "tumeacha". Zinapenda kusema kwamba bidhaa fulani imepata mrithi. Ni neno zuri, linatuliza. Lakini kwetu mtu harithiwi kabla watu hawajakaa matanga, na kwenye biashara ya lenzi matanga hayakaliwi. Lenzi inatoweka kwenye orodha. Mwenye duka anasema "imeisha, ngoja mzigo", mzigo haufiki, mwaka unapita, halafu anakuonyesha nyingine yenye jina karibu sawa. Hapo umebadilishiwa au umeachwa? Inategemea kitu kimoja ambacho muuzaji hakitaji: kama hiyo mpya inaingia kwenye kamera uliyo nayo. Ikiingia, umebadilishiwa. Isipoingia umeachwa, waite kwa jina lolote wanalotaka.

Canon yenyewe imefanya yote mawili kwa lenzi hii hii. Mwaka 1987 ilitoa EF 50mm f/1.8 ya kwanza, yenye shingo ya chuma na kidirisha cha kuonyesha umbali. Mwaka 1990 ikaja ya pili: gramu 130, shingo ya plastiki, kidirisha hakuna. Hii ndiyo imejaa huku kwetu. Mwaka 2015 ikaja ya tatu, ile yenye herufi STM, chuma kikarudi shingoni na mota ikaacha kulia kama nyuki. Zote tatu zinafungwa kwenye kamera zile zile. Mwenye kamera ya 1987 angeweza kununua lenzi ya 2015, akaifunga, ikafanya kazi. Huko ndiko kubadilishwa, na sina neno baya juu yake. Kisha mwaka 2020 ikatoka RF 50mm f/1.8 STM. Tundu lile lile la f/1.8, gramu 160 kama ile ya 2015, inauzwa kwa watu wale wale wenye pesa kidogo. Nayo wakaitambulisha kwa jina la hamsini, kana kwamba ni mtoto wa nne wa nyumba moja. Lakini ukiileta kwenye 600D yako haiingii, na haitaingia kamwe.

Sababu yake inapimika kwa rula. Kati ya mahali lenzi inapofungwa na sensa iliyo ndani kuna umbali, na kila familia ya kamera imejiwekea wake. Kwa EF ni milimita 44, kwa kuwa ndani kuna kioo kinachorusha taswira juu kwenye jicho lako, na kioo hicho kinahitaji nafasi ya kuinuka. Familia ya RF ilianza 2018 na kamera ya EOS R. Kioo kimeondolewa, umbali umekuwa milimita 20. Toa 20 kwenye 44, unabaki na 24. Adapta ya EF kwenda RF ni bomba la unene huo lenye njia za umeme, hakuna lenzi yoyote ndani yake. Ndiyo maana hamsini ya 1990 ikiwekwa juu ya bomba hilo inaona sawasawa na inajitafutia fokasi yenyewe kwenye kamera ya juzi. Kurudi nyuma ndiko hakuwezekani. Lenzi ya RF imetengenezwa ikae karibu, na kwenye kamera ya zamani kioo kimeshakaa hapo.

Basi mlango unafunguka upande mmoja. Haikuwa hivyo kila mara. Kabla ya EF, Canon ilikuwa na lenzi za FD, zilizoanza 1971, na umbali wake ulikuwa milimita 42. Ilipohamia kwenye 44 mwaka 1987, adapta ya kawaida ingetakiwa iwe na unene wa chini ya sifuri: milimita mbili zinakosekana. Lenzi ya FD ukiilazimisha kwenye kamera ya EF bila kioo cha kurekebisha inaona vitu vya karibu tu. Mlima wa mbali unabaki ukungu. Watu waliokuwa wamejaza makabati yao kwa miaka 16 waliamka wakiwa na vyuma. Walikasirika, na hasira hiyo bado inasimuliwa. Halafu, kuanzia 2008, kamera zisizo na kioo zikaanza kuuzwa, umbali ukawa mfupi, na lenzi za FD zikapata pa kukaa tena, kwa kuzungusha pete kwa mkono. Zilizozikwa kwa milimita mbili zikafufuliwa na nafasi ya milimita ishirini na kitu. Vioo vyake havikuwa vimebadilika hata chembe kwa miaka yote hiyo.

Nimekaa sana hapa kwa sababu watu wanaamini lenzi inazeeka kama simu. Hapana. Nikon wana shingo ya F tangu 1959, umbali milimita 46.5, mwaka 2018 wakaja na Z, milimita 16. Adapta yao ya FTZ inapokea lenzi nyingi za zamani, ila zile za AF-D, zilizozoea kuzungushwa na mota iliyo ndani ya bodi, zinapoteza otofokasi, maana adapta haina mota. Lenzi ni nzima, kinachokosekana ni mtu wa kuizungusha.

Jibu langu kwa swali la vibandani ni hili: ndiyo, zinaachwa. Mkuu wa Canon aliliambia gazeti la Japani mwishoni mwa 2021 kwamba EOS-1D X Mark III, iliyotoka 2020, ndiyo ya mwisho ya ukoo wake, na lenzi za EF zimekuwa zikichomoka kwenye orodha moja baada ya nyingine. Anayekuambia zinabadilishwa tu anakupaka mafuta. Lakini kuachwa na kiwanda ni jambo moja, kufa ni jingine, na ili kujua kama kitu kimekufa inabidi tutazame kinachofanya. Tutazame picha.

Kwenye kibanda kimoja cha New Congo kuna ukuta uliobandikwa foto zaidi ya mia. Nimesimama mbele yake mara nyingi, mwenye kibanda anajua nitamzuilia wateja. Nyingi zina sura moja: mtu mzima amesimama mlangoni, mwili wote, kuanzia kilemba hadi kandambili, nyuma yake barabara nyekundu iliyoyeyuka, madumu ya maji yamekuwa madoa ya njano, bodaboda imekuwa mstari. Wageni wanaokuja huita hiyo staili ya kambi. Wanadhani tunaipenda barabara. Ukweli ni hesabu. Sensa ya 600D ni ndogo, kwa hiyo hamsini inaona finyu kuliko jina lake. Kumpata mtu mzima na nafasi kidogo juu na chini lazima urudi nyuma mita nne na nusu hivi. Kibanda ni mita tatu kwa tatu. Mpiga picha angeweza kutumia lenzi iliyokuja na kamera, ile 18-55, akabaki ndani, lakini ndani giza, na lenzi hiyo haifungui tundu la kutosha. Basi wote wawili wanatoka nje. Mteja anabaki kizingitini, mpiga picha anavuka mtaro, anasimama karibu na muuza chapati. Staili imezaliwa hapo.

Linganisha na Kinshasa. Ambroise Ngaimoko, aliyezaliwa Angola na kufika Kinshasa akiwa bado mdogo, mkimbizi kama sisi, alifungua Studio 3Z mwaka 1971. Vijana wake wamesimama ndani, chini ya taa, suruali pana, viatu virefu, ukuta safi nyuma. Dunia ya nje imefungiwa mlango. Kwetu mlango hauwezi kufungwa, lenzi haina nafasi. Mtu anapigwa picha huku majirani wanatazama, na ukiangalia vizuri utaiona aibu hiyo ndogo mabegani, hasa kwa wanaume. Kwenye picha za 3Z mabega hayana aibu. Sisemi ipi ni bora. Nasema kwamba shingo zetu zimeinama kidogo kwa sababu ya urefu wa lenzi, na hakuna mhakiki wa picha za kambi niliyemsoma ambaye amelitaja hilo.

Kuna jambo la pili kwenye ukuta huo. Foto za jioni, za harusi na za Noeli, taa ndogo za nyuma zimekuwa na pembe tano. Sio nyota, sio duara. Hiyo ni alama ya hamsini ya 1990: tundu lake linafungwa kwa visu vitano, ukilifunga kidogo tu, f/2.8 kwa mfano, kila nukta ya mwanga nje ya fokasi inachorwa pembe tano. Ya 2015 ina visu saba vilivyopinda, taa zake ni za mviringo zaidi. Mtaalamu atakuambia pembe tano ni kasoro. Sawa, ni kasoro. Lakini inaniambia mwaka na mkono. Nikiona foto ya bibi arusi na nyuma yake pembe tano sita zimening'inia, najua ni kabla ya yule mwenye kibanda kununua STM, yaani kabla ya wale wa bibi arusi kuhamishwa. Na kila nyumba huku ina foto isiyo na tarehe nyuma.

Siandiki haya ili kuisifia plastiki. Hamsini hiyo ikifunguliwa mpaka mwisho inapiga kope laini kama zimelowa, jua likiingia pembeni picha nzima inapauka, na otofokasi yake gizani kanisani inaenda mbele na nyuma kama mlevi anayetafuta tundu la ufunguo. Kamera mpya zinashika jicho la mtu anayetembea na haziliachii. Kwa mpiga picha wa harusi hilo ni pesa. Pete inavalishwa mara moja.

Ila kuna kitu kwenye lenzi mpya ambacho kinanikera kama mtazamaji, nacho kinazungumzwa kidogo. Nyingi zimetengenezwa zikijua kwamba kompyuta ya kamera itamalizia kazi. RF 16mm f/2.8 ya mwaka 2021 ni mfano mzuri: taswira inayotoka kwenye vioo vyake imepinda sana, pembe zimefunikwa na giza, na kamera inainyosha kabla hujaiona. Lenzi inakuwa ndogo na rahisi, ndiyo, na bei hiyo inawasaidia watu kama sisi. Lakini pembeni mwa picha, pale ambapo kwenye foto ya familia huwa anasimama mtoto mdogo au shangazi aliyechelewa kufika, unachokiona kimevutwa na hesabu. Simu zinafanya zaidi: zinachora ukungu wa nyuma kwa kukisia, na mara nyingi zinakula ncha ya kilemba au nusu ya sikio. Vioo vya hamsini havikisii. Vinakosea, lakini vinakosea vilivyo mbele yao.

Na sasa upande wa pili, ambao unanikera zaidi. Kuna watu huko kwenye pesa wanaoabudu lenzi za zamani. Helios 44-2 ya Kisovieti, milimita 58, ambayo kiwandani ilitoka kwa wingi kama sufuria, leo inatafutwa kwa sababu majani ya nyuma yanazunguka kama maji kwenye beseni. Leica walikuwa na lenzi iitwayo Thambar, ya mwaka 1935, inayopiga sura kwa ulaini wa makusudi. Iliachwa miongo mingi, halafu mwaka 2017 wakaitengeneza upya na kuiuza kwa zaidi ya dola 6,000. Somo liko hapo. Kumbe kilichoachwa kinaweza kurudi kiwandani, mnunuzi akiwa wa aina fulani. Hakuna atakayefufua hamsini ya plastiki kwa ajili ya New Congo.

Sisi tuliotoka Kivu tunalijua jambo hili kwa njia ya ajabu kidogo. Msanii wa Ireland, Richard Mosse, alikuja kwenye milima yetu na filamu ya Kodak Aerochrome, iliyobuniwa kwa ajili ya jeshi, kugundua watu na vitu vilivyofichwa kwenye majani. Ilikuwa imeshaachwa kutengenezwa. Filamu hiyo inaona mwanga ambao jicho halioni, na majani mabichi yanatoka waridi. Kazi yake The Enclave ilionyeshwa Venice mwaka 2013, kwenye banda la Ireland: askari, mahema, mabonde ya Kivu, vyote ndani ya rangi ya waridi. Rafiki zangu wengi wanaichukia. Mimi naikubali zaidi yao, kwa sababu ilikataa ile rangi ya matope ambayo kila gazeti limetupaka. Lakini nikizitazama foto hizo kwenye simu naona kwamba mazungumzo yote kuzihusu yanaishia kwenye filamu: ilikuwa adimu, ilikuwa inaisha, ilitunzwaje kwenye joto. Mlima wenyewe, ambao mimi najua jina lake na najua nani alilima upande wa mashariki, umekuwa mahali pa kujaribia kitu kilichoachwa. Uchakavu ukiwa mkononi mwa msanii wa Venice unaitwa uamuzi. Ukiwa mkononi mwa mpiga picha wa pasipoti wa hapa unaitwa kukosa.

Kwa hiyo sitaki kumshauri kijana abaki na lenzi yake kwa sababu ni ya zamani. Uzamani haulipi ada ya shule. Nataka tuulize lenzi hizi zinakufa vipi hasa, hapa, kwenye vumbi la Isingiro.

Zinakufa kwa kuanguka kwanza. Hamsini ya 1990 ikipiga sakafu inaachana vipande viwili, kichwa huku, shingo kule. Asilimia kubwa ya nilizoziona zimeshagundishwa kwa gundi angalau mara moja. Zinakufa kwa kuvu, ule utando mweupe kama wa buibui unaoota ndani msimu wa mvua lenzi ikikaa kwenye begi lenye unyevu. Zile 18-55 zinakufa kwa utepe wa nyaya uliochoka kukunjwa kila unapovuta zumu. Halafu zinakufa kwa kukosa fundi. Fundi anayejua kazi hii anafungua lenzi tatu zilizoharibika apate moja nzima, na kila moja iliyoachwa na kiwanda inamfanya azidi kutegemea maiti nyingine. Tangazo la kampuni linatufikia hivyo, kwa mlango wa nyuma: hakuna anayekuja kukunyang'anya lenzi, ila siku utepe ukikatika, utepe mwingine haupo.

Hapo kuna tofauti ambayo ningependa kila anayetaka kununua aielewe. Kwenye hamsini ya 1990 pete ya mbele imeshikana na vioo kwa meno. Mota ikifa, mkono unabaki. Unaweka kitufe kwenye MF, unazungusha, unaendelea na harusi. Kwenye STM, ya 2015 na ya RF vilevile, pete haijashikana na chochote. Ukiizungusha unaiomba mota ikusogezee vioo. Mota ikifa, pete inazunguka bure na lenzi imekwisha. Ya zamani inakufa nusu nusu. Mpya inakufa yote kwa siku moja. Mpiga picha mmoja, mama wa watoto wanne kutoka upande wa Uvira, alinionyesha yake ambayo mota ilishakufa, pete imefungwa mpira wa baiskeli ili vidole visiteleze. "Yaya," akaniambia, "hii objektifu njo inalisha watoto wangu. Waseme imeisha, mimi sijaona mwisho wake." Foto zake ziko kwenye fokasi. Anasubiri mteja atulie, anazungusha, anabonyeza. Kwa sababu hiyo watu wake wana utulivu ambao wa jirani yake, anayepiga ishirini kwa sekunde chache, hawana.

Bei nayo ina siasa yake. Kwenye familia ya EF, kampuni nyingine zilijitengenezea lenzi bila kuomba ruhusa ya mtu. Yongnuo ya China iliiga hamsini hii karibu kila kitu, na Kampala ziko nyingi kwenye meza za mitumba, watu wanazichanganya. Mlango wa RF ulibanwa. Mwaka 2022 Viltrox iliacha kuuza lenzi zake za RF zenye otofokasi baada ya Canon kudai hataza zake zimevunjwa. Ilibidi tungoje hadi 2024 ndipo Sigma na Tamron wakatangaza lenzi za RF kwa leseni, nazo kwa kamera zenye sensa ndogo. Mwenye pesa hakuona tofauti. Sisi ndio tunaoishi kwa nakala. Ukoo mpya wa lenzi ukifungiwa nakala, maana yake miaka kumi ijayo meza za mitumba zitakuwa na vitu vichache, na mwenye 600D leo anaweza kukuta kwamba hakuachwa na lenzi yake tu, ameachwa na soko lote lililomleta kwenye kazi.

Hilo ndilo linalonitia wasiwasi, kuliko habari za kwamba hamsini imetoka kwenye orodha. Hamsini zenyewe zipo nyingi sana duniani, zitatufikia kwa muda mrefu bado, kwenye mabegi ya ndugu na kwenye marobota.

Kuna jambo la mwisho kuhusu mita nne na nusu. Wageni wa mashirika wanakuja na lenzi ndefu nyeupe, 70-200, wanasimama karibu na gari, wanachuma sura mbali, mtu hajui kama amepigwa. Foto hizo ni kali, zina machozi na jua la jioni, zinaingia kwenye ripoti. Wa kwetu hawezi kufanya hivyo hata akitaka. Akiwa na hamsini lazima asogee mpaka sauti ifike: mama, geuka kidogo, papa, toa mkono mfukoni. Kwenye ukuta wa New Congo sijaona foto hata moja ambayo mtu hajui kwamba anapigwa. Kamera mpya ikija na zumu ndefu ya bei rahisi, sijui kama hilo litabaki, na nitakuwa naangalia.

Yule kijana mwenye likelemba aliniuliza moja kwa moja afanye nini. Nilimwambia aache kuuza. Adapta ya EF kwenda RF ilitoka kiwandani kwa dola kama 100, kwa hiyo siku atakayopata bodi mpya, hata ile ndogo ya R100 ya 2023, hamsini yake itapanda nayo, na lenzi mpya zinaweza kusubiri pesa isiyo na deni. Kwa zamu hii anunue mfuko wa kukausha unyevu, flashi, na diski mbili za kuhifadhia. Ana foto za miaka sita kwenye laptop moja yenye bateri iliyovimba: arusi zote za zoni ile, vifo, watoto waliozaliwa na kuondoka. Hizo hakuna kiwanda kilichowahi kuzitengeneza, na hakuna adapta yake.